Kichwa Kimepandishwa, Trela Limeinua Pua



Mwezi uliopita alifika ofisini kwetu dereva mmoja, mwanachama wa miaka mingi, ameshika karatasi mkononi. Ilikuwa hesabu ya mshahara wake. Juu yameandikwa malipo, chini yake yameandikwa maneno "kutengeneza trela", na kilichobaki baada ya kukatwa hakikutosha kulipa kodi ya nyumba. Tukamwuliza, trela liliharibikaje? Akajibu: "Lilianguka yadini. Niliambiwa nikachukue trela lenye kontena. Nikarudi nyuma, nikasikia taya zinalia, nikajua limeshika. Tukapandisha miguu. Nilipokwenda hatua chache likatoka, likaanguka kwa pua."

Bahati yake, na bahati ya watu wengi ambao hatawajua kamwe, ni kwamba lilianguka ndani ya ua la tajiri na si mteremkoni Salgaa. Tanboi wake alikuwa amekwisha kutoka katikati.

Tulikwenda kutazama wenyewe. Trela lile lilikuwa limeachwa pale siku mbili nyuma na lori jingine, ambalo tajiri alikuwa amekipandisha kichwa chake: ameongeza majani ya springi nyuma na kukivisha matairi makubwa kuliko yale ya kwanza. Dereva aliyeliacha alishusha miguu ya trela kwa kimo cha kichwa chake, akaondoka. Aliyekuja kulichukua alikuwa na kichwa cha kawaida. Tulipima kwa futi ya fundi. Tofauti ilikuwa inchi 2 tu.

Msimamizi wa yadi tulipomweleza alitujibu kwamba dereva ndiye aliyeunganisha, basi dereva ndiye alipe. Jibu hilo ndilo linalotufanya tuandike leo.

Kwa ndugu zetu wa mabohari na ofisini, ambao hawajapata kulala chini ya lori, tueleze kidogo. Trela la namna hii halina magurudumu mbele. Pua yake hulala juu ya sahani nene ya chuma iliyofungwa mgongoni mwa kichwa na kupakwa grisi. Chini ya pua hutokeza pini ya chuma, na katika matrela mengi unene wake ni inchi 2, katika mengine inchi 3 na nusu. Pini huingia katika mwanya wa sahani, taya zikaifunga shingoni. Basi, hapana kingine. Tani 30 na zaidi hushikwa na kitu ambacho mtu mwenye mkono mkubwa aweza kukizungushia vidole. Waingereza huiita sahani ile gurudumu la tano, jina lililobaki tangu siku za magari ya farasi, yaliyokuwa na duara la chuma limelala juu ya ekseli ya mbele ili ipate kugeuka. Matrela yenyewe yana zaidi ya miaka 100: mwaka 1914, mjini Detroit, mhunzi August Fruehauf alimtengenezea mfanyi biashara wa mbao kigari cha kubebea mashua, kikavutwa na motakaa ya Ford. Tangu siku hiyo kazi imekuwa ile ile, kukutanisha vyuma viwili vilivyotengenezwa na watu mbalimbali.

Na kukutana kwake ni kwa kimo. Bamba la chini ya pua litakiwa liwe chini kidogo kuliko uso wa sahani, ili kichwa kikirudi nyuma ule mteremko wa sahani ulipokee na kuliinua kiasi. Hapo uzito hulala juu ya sahani na pini huingia yote. Trela likiwa chini mno, sahani huigonga pua, na trela husukumwa nyuma likapindisha miguu yake. Hasara hiyo huonekana mara moja na kila mtu hupiga kelele. Trela likiwa juu mno ndipo hatari inapojificha. Pini hupita juu ya sahani yote na kugonga nyuma ya kebini, au, mbaya zaidi, hukaa juu ya taya badala ya kuingia kati yake. Twasema mbaya zaidi kwa sababu hii ya pili hudanganya. Mlio husikika. Lori huvuta. Huenda likavuta mpaka likatoka mjini. Kisha linapita tuta au shimo, pua inaruka kidogo, na pini imekwisha kutoka.

Kwa hiyo kichwa kilichopandishwa kina deni kwa dereva mwingine, hata yule asiyekiendesha. Humwachia mwenzake trela lililosimama juu ya miguu mirefu, naye hana habari. Hili halikuandikwa popote katika yadi ile. Vichwa vyote vilikuwa na rangi moja na jina moja la tajiri mlangoni.

Sasa tuseme trela limeshika vema na kichwa chenyewe ni kile kirefu. Je, mambo yamekwisha? Hayajaisha. Pua imeinuka, na trela lote linakwenda barabarani limeinama kwa nyuma kama mbwa aliyekaa. Tufanye hesabu. Trela la kontena la futi 40, kutoka pini mpaka katikati ya ekseli zake tatu, tuseme ni mita 8. Kichwa kikipandishwa sentimita 15, pua hupanda hizo 15. Ekseli ya kwanza na ya tatu zimeachana kama mita 2.6. Kwa kipimo hicho chesisi huwa juu zaidi penye ekseli ya kwanza kuliko penye ya tatu kwa karibu sentimita 5. Springi za mbele hulegea na za nyuma hubanwa. Mafundi wameweka vyuma vya kugawanya uzito kati ya ekseli, lakini vyuma hivyo navyo vina mwisho wa kuchezea, na wengine wetu tumeviona vimekwisha kugota kabla lori halijatoka yadini.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari inaruhusu tani 24 kwa ekseli tatu za trela, maana yake tani 8 kila moja. Mizani ikilipima kundi lote la ekseli, hesabu hutoka 24 sawasawa, na karani hukupa ruhusa ya kupita. Lakini tairi za ekseli ya mwisho zafanya kazi ya wenzao. Ndizo zinazopata moto, ndizo zinazopasuka, na dereva huulizwa kwa nini anamaliza tairi upande mmoja. Na ile ekseli iliyolegea nayo ina ubaya wake: ukikanyaga breki, gurudumu lisilo na uzito hufunga upesi na kuburura, hasa barabara ikiwa na maji. Una breki za ekseli tatu kwa karatasi, lakini mteremkoni huna zote.

Tena liko jambo la urefu. Kontena la kawaida lina kimo cha futi 8 na inchi 6, yaani mita 2.59. Lile refu lina futi 9 na inchi 6, yaani mita 2.90. Likiwekwa juu ya trela ambalo sakafu yake iko mita moja na nusu kutoka chini, mgongo wa kontena hufika mita 4.4. Ongeza pua iliyoinuka, na pembe ya mbele ya kontena yenda mahali ambapo aliyejenga lango la bohari hakuitazamia. Wanachama wetu wamekwisha kung'oa nyaya za stima na bati za vituo vya petroli, wakalipishwa. Lakini nyaya ni jambo dogo. Mzigo umepanda juu, nayo magurudumu hayakuongezwa upana. Kona ambayo jana ulipita kwa mwendo fulani, leo kwa mwendo ule ule trela linaanza kuegemea, nawe kule mbele huna habari kwa sababu kichwa bado kimesimama imara. Dereva husikia mambo ya trela amechelewa siku zote.

Hatutaki mtu adhani twatia chumvi. Tarehe 30 Juni 2023, penye makutano ya Londiani, lori lenye kontena liliacha njia likawapitia watu waliokuwa wakingoja magari na wachuuzi kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 45. Hatuleti habari hiyo ili kusema kwamba chanzo kilikuwa kimo cha sahani. Twaileta ili kila anayetia sahihi ya kupandisha springi akumbuke kitu kinachofungwa pale nyuma ni nini.

Mbona basi vichwa vinapandishwa? Sababu twazijua. Lori hununuliwa likiwa limekwisha kutumika Ulaya, ambako barabara ni laini na sahani zimewekwa chini. Likifika hapa lapewa njia ya mawe ya kwenda machimboni, au barabara mpya iliyo katika kujengwa, na tumbo lake lagusa. Tajiri badala ya kununua lori la kazi ile hulipa fundi wa springi aongeze majani mawili matatu. Au matairi ya kipimo kile hayapo dukani, yaletwa makubwa zaidi, na kila badiliko la namna hiyo huinua sahani kwa kama sentimita 2 au zaidi bila mtu yeyote kusema "tumepandisha". Trela nalo limetengenezwa hapa hapa, kwa kimo ambacho fundi wake alipewa na mteja mwingine kabisa. Hapana aliyekaa na kupima kimoja kwa kingine.

Na tuseme kweli, wako madereva wenyewe wanaokipenda kichwa kirefu. Kinatazama mbali, kinatisha matatu, na vijana njiani hukisifu. Ndugu, sifa ile hudumu mpaka Mariakani.

Watu wa Marekani nao wana mambo yao ya namna hii. Kule mtu wa kawaida huvuta nyumba nzima ya magurudumu kwa pikapu, sahani ikiwa imefungwa ndani ya karai la pikapu juu ya ekseli ya nyuma. Wengi wao wanapenda kupandisha pikapu zao, kisha hushangaa kuona nyumba imeinua pua na tairi za nyuma zinaungua. Dawa yao ni mbili. Kwanza hushusha sahani, lakini si sana, maana kati ya kingo za karai na tumbo la trela wenye kuzijua hizo kazi hutaka iachwe nafasi kama ya inchi 6. Bila hiyo, njia ikipanda na kushuka, trela hulalia kingo na kuzivunja. Ikiwa haitoshi, huliinua trela lenyewe kwa kuhamisha springi juu ya ekseli, na hapo huwa wamelikalisha sawa lakini wameongeza urefu wote, na daraja la chini huwangoja. Wamarekani wale ni wenye gari na wenye trela pia. Akikosea, amekosea kwa mali yake, naye ndiye anayeketi mbele. Kwetu anayepandisha hukaa ofisini, na anayeketi mbele ni mwingine.

Sasa neno kwa madereva na matanboi, kwa maana hatutaki kuwasema matajiri tu. Mlio wa taya si ushahidi. Watu husema ajali haina kinga, lakini hii ina kinga, nayo ni kushuka. Kabla ya kurudi nyuma, simamisha kichwa hatua moja mbele ya trela, shuka, utazame kimo cha bamba na kimo cha sahani kwa jicho lako. Ikiwa trela liko juu, lishushe kwa miguu yake kwanza. Kazi hiyo ya kuzungusha mkono ni dakika chache na jasho kidogo. Magurudumu ya trela yazuiwe kwa mawe au kabari. Rudi polepole, uwanja uwe sawa na mgumu. Ukisikia mlio, vuta mbele kidogo kwa gia ya chini huku breki ya trela imefunga, halafu mara ya pili. Kisha zima, toa ufunguo, shuka na tochi. Kati ya bamba na sahani pasionekane mwanga. Ukiona mwanga, pini haikuingia, hata kama mlio ulikuwa mzuri namna gani. Tazama kwa nyuma taya zimeikumbatia shingo ya pini, mkono wa sahani umeingia wote na kifungo chake cha usalama kimetiwa. Baada ya hayo ndipo miguu ipandishwe. Yule ndugu yetu alipandisha miguu kwa mlio peke yake, na sisi tulimwambia hivyo uso kwa uso. Naye alikubali. Lakini alisema pia kwamba analipwa kwa safari, na karani alikuwa amesimama pale akitazama saa.

Pini nayo huliwa. Pini ya inchi 2 ikipungua shingoni karibu milimita 2 imekwisha kazi yake, na jicho haliwezi kupima hayo. Ni kazi ya gereji yenye kipimo chake. Ukisikia trela linagonga mbele na nyuma kila unapoachia mafuta, usizoee sauti ile.

Na tanboi asisimame katikati. Twaandika neno hili peke yake ili lisipotee. Wakati kichwa kinarudi nyuma, hapana mtu kati yake na trela, wala wa kuelekeza, wala wa kushika mipira ya upepo, wala wa kuondoa jiwe. Vijana wetu wengi hawana hata barua ya kazi, na wakibanwa pale, jina lao halionekani katika kitabu chochote cha tajiri. Dereva asiyemwona tanboi wake katika kioo asimame.

Sasa juu ya yule msimamizi na neno lake la "dereva alipe". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya mali iliyoharibika, lakini kwa kiasi cha haki, na uharibifu uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyi kazi. Dereva aliyepewa trela lililoachwa kwa kimo kisicho chake, bila kuambiwa, na kuhimizwa aondoke, makusudi yake yako wapi? Barua yetu imekwisha kwenda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yasema kwamba mfanyi kazi akiona hatari kubwa ampashe habari msimamizi wake, na mpaka hatari ile iondolewe hapana ruhusa ya kumrudisha penye hatari. Wala aliyeondoka kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Nayo Sheria ya Trafiki, kwa miaka mingi, imekataza gari lisitumiwe barabarani likiwa katika hali ya kuhatarisha watu. Haikusema isipokuwa tajiri akiwa na haraka.

Basi dereva akiambiwa "chukua hilo uende" naye ameona pua imeinuka, aseme hapana kwa adabu, aandike sababu, aweke saa na namba za kichwa na za trela, atie sahihi, na nakala ailete kwetu au aipige picha kwa simu aitume tawini. Mdomo mtupu hautusaidii tukifika mbele ya mkaguzi wa kazi. Twajua si rahisi. Nje ya lango wapo wengine wanangoja kazi hiyo hiyo, na mmoja wao atakubali. Kwa sababu hiyo hatutaki jambo hili liwe la dereva mmoja mmoja na ujasiri wake.

Tunalotaka kwa matajiri ni jambo dogo mno, kiasi kwamba tunaona haya kuliomba. Kila kichwa kipimwe kimo cha sahani yake, kikiwa kitupu na kikiwa na mzigo, na kimo hicho kiandikwe kwa rangi nyeupe nyuma ya kebini. Kila trela lipimwe kimo cha bamba lake linapokaa sawasawa, nacho kiandikwe puani, mahali dereva anapoweza kukisoma akiwa amesimama. Kichwa kitakachoongezwa springi au kubadilishiwa kipimo cha matairi kipimwe upya kabla hakijagusa trela, na ambacho hakilingani na matrela ya yadi ile kisipewe, au sahani yake ishushwe na fundi anayeijua kazi hiyo. Anayeacha trela juu ya miguu aandike katika kitabu cha lango ameliacha kwa kimo gani. Vitu vinavyotakiwa ni futi moja, kopo la rangi na brashi. Tulimtajia msimamizi yule bei yake. Alicheka, kisha akasema atauliza juu.

Sisi hatutangoja majibu ya juu. Makatibu wa matawi wote, kuanzia Mombasa mpaka Malaba, wanaombwa kuhakikisha kwamba katika kila yadi yupo mwanachama mmoja mwenye futi. Pimeni sahani, pimeni matrela, andikeni namba na vimo katika daftari moja, na daftari hizo zifike ofisini kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao. Mkizuiwa kupima, andikeni pia ni nani aliyewazuia na saa ngapi.